Nani Aliuliza Habari za Ua? Uhakiki wa Mjadala wa Jina Sakura

Jumamosi moja ya mwishoni mwa Aprili, nyumbani kwa kaka yangu wilayani Kicukiro, jamaa walikusanyika kumpa mtoto jina. Mtoto alikuwa wa kike, wa kwanza kwa wazazi wake. Kaka yangu alikuwa amekwisha kuchagua: Sakura, jina ambalo Wajapani huwapa mabinti zao na ambalo kwao ni jina la maua ya mti wa cheri. Alisoma miaka miwili katika mji wa Kobe, ambako Wanyarwanda kadhaa wamekwenda kusomea teknolojia ya habari, na alirudi na picha nyingi za maua hayo kuliko za wanafunzi wenzake. Alidhani kulitaja jina kungechukua dakika moja. Kulichukua alasiri nzima.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kugawa maziwa na soda, kwa hiyo niliingia na kutoka na kusikia karibu kila neno. Mazungumzo yalikuwa kwa Kinyarwanda. Hapa nayaeleza kwa Kiswahili. Nimeamua kuyahakiki kwa sababu sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuhakiki yaliyochapishwa tu, kana kwamba hoja isiyokuwa na jalada si hoja. Nitazichukua hoja moja moja na kutazama kila moja inasimama juu ya nini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hoja tatu zilizotetewa kwa sauti kubwa zilikuwa dhaifu, na swali moja lililoulizwa kwa sauti ya chini ndilo lililogusa jambo lenyewe.

Hoja ya kwanza ilitolewa na baba mdogo. Alisema jina hilo si letu. Mnyarwanda ana majina ya kumtosha. Kwa nini kwenda kuomba jina Japani? Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Ni hoja yenye uzito machoni pa watu, kwa sababu inasemwa kwa jina la utamaduni, na hakuna anayetaka kuonekana anapingana na utamaduni mbele ya wazee.

Lakini tuitazame. Hapa Rwanda tumejaa akina Rose, Rosine, Violette, Marguerite na Hyacinthe. Mengi ya hayo ni majina ambayo kwa Kifaransa ni majina ya maua pia. Jina la ubatizo la baba mdogo mwenyewe limo katika orodha hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ameazima jina ugenini. Tukienda pwani hali ni hiyohiyo. Asumini na Waridi ni majina ya mabinti wa Kiswahili na hakuna anayeyaona mageni, ilhali asumini ni neno lililosafiri kutoka Kiajemi na waridi lilitujia kutoka Kiarabu. Mlangilangi, ambao maua yake huingia katika kikuba cha bibi harusi wa Zanzibar, asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Hata Gasaro, jina tunalolihesabu kuwa la Kinyarwanda tupu, linatokana na isaro, yaani ushanga. Na shanga za kioo zilifika bara kwa biashara ya masafa marefu, zikitoka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo ugeni wa jina haujawahi kuwa kizuizi. Baba mdogo alichokiita utamaduni kilikuwa mazoea: jina la kigeni lililozoeleka ni letu, lisilozoeleka ni lao.

Hata hivyo, ipo mbegu ya ukweli ndani ya hoja yake, na mhakiki asiitupe pamoja na makapi. Watu waliompa mtoto jina la Rose au Hyacinthe hawakuwa wanafikiria bustani. Majina hayo yalikuja na watakatifu. Mzazi alipolichagua alikuwa anamweka mtoto chini ya ulinzi wa mtu fulani mwenye sikukuu yake katika kalenda. Nyuma ya jina palikuwa na mtu. Hili nitalirudia, kwa sababu hoja nyingine zote zinaishia hapo.

Hoja ya pili ilihusu sauti, na ndiyo iliyochekesha watu. Shangazi alisema jina hilo linamkumbusha urusaku, neno letu la kelele, na kitenzi gusakuza, kupiga kelele. "Mtamwita mtoto Kelele, naye atawaitikia kwa kelele," alisema, na wakati huohuo mtoto akaanza kulia chumbani. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama mzazi wa wifi yangu, ambaye ameishi Nyamirambo miaka mingi na ambaye Kiswahili chake ni cha mtaani na kizuri kuliko changu cha darasani, akaongeza kwamba yeye anasikia kuchakura, kazi ya kuku anapotafuta funza kwenye udongo.

Wifi yangu alijaribu kuokoa jahazi. Alisema kama Sakura lina kasoro, basi Hana: ni jina fupi, na kwa Kijapani ndilo neno lenyewe la ua. Hapo wazee wakatulia. Hana ni jina zuri, walisema, Hana yumo katika Biblia.

Nilipokuwa narudisha chupa jikoni nilijiuliza kama wamelisikiliza jina walilolikubali. Kwa Kinyarwanda, guhana ni kuadhibu, na hana! ni amri ya kumwadhibu mtu. Kwa Kiswahili, hana ni mtu asiyekuwa nacho. Ukisema "Hana hana" umesema sentensi kamili, na ya kusikitisha. Zaidi ya hayo, Hana wa Biblia, mama yake Samweli, habari zake zinaanza akiwa mwanamke asiyekuwa na mtoto, anayelia hekaluni hadi kuhani anamdhania mlevi. Kama sauti ndiyo mizani, Hana ni jina zito mara mbili kuliko Sakura. Mbona hakuna aliyecheka? Kwa sababu nyuma ya Hana yumo mtu, na habari zake zinajulikana: aliomba akapewa. Habari hizo zina nguvu ya kufunika adhabu ya Kinyarwanda na ukosefu wa Kiswahili kwa pamoja.

Sauti kugongana kati ya lugha na lugha ni jambo la kawaida, na hata ndani ya lugha moja. Neno letu la Kiswahili ua ni ua la bustanini, ni ua wa nyumba, na ni amri ya kutoa uhai. Hatujaacha kuyaita maua kwa sababu hiyo. Nakubali kwamba yapo majina ambayo mzazi mwenye huruma hatayatumia. Kwa mfano, Ume, ambalo kwa Kijapani ni ua la mti wa jamii ya plamu na limewahi kuwa jina la kike huko, haliwezi kubebwa na msichana anayesoma katika darasa la Kiswahili. Lakini kelele na kuchakura si aibu. Ni mzaha wa wiki mbili, na mtoto asiyetaniwa jina lake Rwanda bado hajazaliwa. Hoja ya sauti inafaa kuwa tahadhari; haifai kuwa hukumu.

Hoja ya tatu ilikuwa yangu, kwa hiyo nina wajibu wa kuihakiki bila upendeleo. Nilikuwa nimemwambia kaka yangu kabla ya siku hiyo kwamba mtoto ni wao, jina ni zuri, na zuri linatosha. Binamu yangu ndiye aliyeisema hadharani. Alisema wazazi wako huru, na kwamba kizazi chetu hakiwezi kuendelea kuomba ruhusa kwa kila kitu. Kaka yangu alipoulizwa jina lina maana gani, aliegemea hapohapo. "Ni ua," alisema. "Ni zuri tu."

Leo naona "ni zuri tu" ni jibu dhaifu kuliko kelele za shangazi. Udhaifu wake uko katika jinsi majina yanavyofanya kazi katika lugha zetu. Alexandre Kimenyi, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu majina ya Kinyarwanda na Kirundi, aliyachambua majina hayo kama ishara zenye maana. Msomaji yeyote wa Kinyarwanda anaweza kuona kwa nini. Habimana inasema Mungu yupo. Hakizimana inasema Mungu ndiye anayeponya. Ntakirutimana inasema hakuna kinachomzidi Mungu. Hizo ni sentensi, na sentensi ina msemaji na ina anayeambiwa. Wakati mwingine anayeambiwa ni Mungu, wakati mwingine ni jirani mwenye husuda, wakati mwingine ni mauti yenyewe, ambayo mzazi aliyekwisha kuzika watoto hujaribu kuidanganya kwa jina baya. Isitoshe, kwa desturi yetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Mimi na kaka yangu hatuna jina la pamoja, na mgeni kutoka Ulaya akiona vitambulisho vyetu huuliza kama kweli tumezaliwa tumbo moja. Maana yake ni kwamba kila mtoto huzaliwa na neno jipya la wazazi wake.

Kiswahili nacho kinayajua haya. Sikudhani, Tabu, Mashaka na Chausiku ni majina ambayo ukiyasikia unataka kuuliza kulitokea nini. Katika fasihi tumeipa mbinu hii jina, majazi, na tunaisifu tunapoikuta katika vitabu. Shaaban Robert alipowaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu, hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuambiwa nani atatenda nini. Lakini nadhani tunaifundisha majazi kwa upungufu. Tunasema ni jina linalolingana na tabia ya mhusika, tunaishia hapo, tunapata alama zetu. Mhusika wa kitabuni tabia yake imekwisha kuandikwa. Mtoto wa siku ishirini hana tabia bado. Jina lake haliwezi kusema yeye ni nani. Linasema waliompokea walikuwa nani, na walitaka kusema nini siku hiyo. Kwa mtoto aliye hai, majazi humhusu mtoa jina kwanza.

Mtu anaweza kujibu kwamba Wajapani wenyewe humwita binti Sakura kwa sababu ya uzuri tu. Sivyo hasa. Jina la Sakura kwa Kijapani linaweza kuandikwa kwa herufi moja inayomaanisha mti huo, au kwa herufi za sauti tu, au kwa kuunganisha herufi nyingine zinazosomeka vivyo hivyo lakini zenye maana tofauti, kama kuchanua na wema. Hana na Yuri yako hivyo pia. Mzazi wa Kijapani anapokwenda kumwandikisha mtoto amekwisha kuchagua herufi, na katika uchaguzi huo ndimo anaposema lake. Jina hilo likifika Kicukiro likaandikwa kwa herufi zetu, S-a-k-u-r-a, sehemu ambayo mzazi wa kule husemea huwa imebaki kule. Tunapokea sauti na picha ya kwenye simu. Kwa hiyo mzazi wa huku asipojaza pengo hilo kwa maneno yake, atakuwa amempa mtoto jina pungufu kuliko lile ambalo Mjapani angempa.

Hili hatuwafanyii hata wanyama. Tangu mwaka 2005 nchi yetu hufanya sherehe ya Kwita Izina, ambapo watoto wa sokwe wa milimani hupewa majina huko Kinigi, wilayani Musanze. Kila anayetoa jina hulitamka na kueleza maana yake mbele ya watu. Ikiwa sokwe wa Virunga anastahili maelezo, mtoto wa kaka yangu anastahili zaidi ya "ni zuri tu".

Sasa nifike kwenye swali. Bibi yetu, mama mzazi wa baba, alikuwa amekaa kimya muda wote huo. Hakusema kama jina ni la kwetu au si la kwetu. Hakucheka shangazi alipotania, au kama alicheka sikumwona. Watu walipochoka na pakawa na utulivu kidogo, alimgeukia kaka yangu.

"Mwanangu, hilo ua huchanua lini?"

"Mwezi huu, Bibi. Mwanzoni mwa Aprili kule Kobe ndipo linapopendeza."

"Na huanguka lini?"

Kaka yangu hakuwa mtu wa kumdanganya Bibi. Alisema huanguka mapema. Wiki moja, pengine mbili, na upepo ukija hata pungufu ya hapo.

Bibi alisema, "Haya," na hakuongeza kitu.

Msomaji asiyeishi Kicukiro anahitaji maelezo hapa. Mtoto alizaliwa katika siku za mwanzo za Aprili. Hafla yake ilisogezwa mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili si wiki ya sherehe katika nchi yetu. Ni wiki ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapa Kicukiro tarehe 11 ina uzito wake. Siku hiyo mwaka 1994 wanajeshi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia hapo. Wengi wao walipelekwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza wakauawa. Kila mwaka watu hukusanyika Nyanza kuwakumbuka. Bibi huwa miongoni mwao, na siku ya hafla zilikuwa zimepita siku chache tu tangu arudi huko. Sitasema zaidi kuhusu yeye. Ni habari yake.

Swali lake lilikuwa la uhakiki kuliko hoja zote tatu. Baba mdogo alihakiki Japani. Shangazi alihakiki sauti. Mimi na binamu tulihakiki haki za wazazi. Watu wazima tisa walibishana kuhusu jina la ua kwa saa tatu, na ni mmoja tu aliyeuliza habari za ua. Aliuliza jambo ambalo mtu anayejua kulima angeuliza kabla ya kupanda: linachanua lini, linadumu kwa muda gani. Majibu yalipokuja, kila mmoja chumbani alielewa mwenyewe. Ua linalochanua Aprili na kuanguka Aprili, mengi kwa pamoja, si picha nyepesi katika nyumba hii.

Wajapani wenyewe hawangeshangazwa na swali hilo. Kuanguka mapema kwa sakura ni sehemu ya sababu wanalipenda; katika mashairi yao ua hilo limekuwa ishara ya uhai usiodumu kwa karne nyingi. Ishara hiyo imewahi pia kutumiwa vibaya. Mtafiti Emiko Ohnuki-Tierney, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, alieleza jinsi dola ya Japani ilivyoligeuza ua la cheri kuwa mfano wa askari kijana anayepaswa kuanguka kwa ajili ya mfalme. Chombo cha kivita kilichorushwa mwaka 1945 kikiwa na rubani asiyetarajiwa kurudi kiliitwa Ohka, yaani ua la cheri. Kaka yangu hakuyakusudia hayo, wala sidhani Bibi aliyajua. Lakini swali lake lilifika hapohapo ambapo historia ilikwisha kufika, na lilifika bila kitabu.

Je, swali hilo lilikuwa katazo? Waliokuwapo wengi walilichukua hivyo. Shangazi aliniambia jikoni kwamba jina limekwisha, Bibi amelikataa. Mimi sikubaliani, na hapa ndipo uhakiki wangu unapotofautiana na wa jamaa. Anayekataa husema hapana, na Bibi yetu anajua sana kusema hapana. Yeye aliuliza. Alimpa kaka yangu nafasi ya kuwa msemaji wa jina alilolileta, kwa sababu mpaka wakati ule jina halikuwa na msemaji. Lilikuwa na picha tu.

Na kaka yangu aliitumia nafasi hiyo, ingawa si palepale. Aliondoka akaenda kumtazama mtoto, akarudi, akakaa chini karibu na miguu ya Bibi badala ya kwenye kiti. Alisema kwamba kule Japani mwaka wa shule huanza Aprili. Alisema Aprili yake ya kwanza huko alikuwa peke yake. Alikuwa ameikumbuka tarehe 7 chumbani kwake mbele ya simu, akiwasikiliza watu wa nyumbani, na alipotoka nje asubuhi iliyofuata njia nzima ilikuwa nyeupe, na chini ya miti walikuwa wakipita watoto wadogo wenye mabegi mapya mgongoni, wanakwenda kuanza darasa la kwanza. Alisema alisimama akawatazama mpaka wakaisha. Hakuwahi kumweleza mtu habari hiyo kwa sababu hakujua aielezeje. Alipoambiwa mtoto wake angezaliwa Aprili, aliwakumbuka wale watoto.

Hakuna aliyejibu upesi. Baba mdogo ndiye aliyevunja kimya, akasema, "Sasa umesema jina."

Naona sentensi hiyo ya baba mdogo inafaa kuwa kanuni. Jina la ua la Kijapani, au la Kifaransa, au la Kiajemi, halikosi uhalali kwa sababu ya lilikotoka. Halikosi uhalali kwa sababu ya sauti, ila sauti ikiwa ni ya kumwaibisha mtoto kweli. Halipati uhalali kwa sababu ya uzuri wake peke yake, wala kwa sababu wazazi wana haki. Linaupata pale mtoa jina anapoweza kulisema mbele ya watu watakaoliita, wakiwamo wale ambao linawauma. Jina si la nyumbani kwa baba na mama tu. Bibi ndiye atakayeliita asubuhi akiwa amekaa na mtoto barazani, na hawezi kuombwa aliite kila Aprili bila kwanza kuambiwa ndani yake kuna nini.

Natazamia pingamizi moja kutoka kwa wenzangu darasani: kwamba namtwisha mtoto mzigo. Kwa nini binti aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1994 abebe Aprili katika jina lake? Kwa nini asiwe na jina jepesi? Ni pingamizi la haki, na kwa muda nilifikiri ndilo jibu. Lakini mtoto huyu amezaliwa Aprili, Kicukiro. Siku yake ya kuzaliwa itaangukia karibu na wiki hiyo kila mwaka, na keki yake itasogezwa kila mwaka kama hafla yake ilivyosogezwa. Hatukumpa Aprili sisi. Tunachoweza kumpa ni neno la kuambatana nayo, na mtu wa kumweleza neno hilo siku atakapouliza. Kumnyima maelezo hakumpunguzii mzigo. Kunamwacha aubebe bila kujua ni nini.

Mwisho wa hafla ulikuwa wa kawaida. Watoto wa majirani waliitwa, kama desturi inavyotaka, ili walime kidogo, wanyunyiziwe maji kama mvua, wale chakula chao cha ubunnyano na kutaja majina. Uwanja wa kaka yangu una sementi, kwa hiyo walilima katika ndoo mbili za udongo kwa vijiko, na maji mengi yalitulowesha sisi. Mmoja alipendekeza jina la mchezaji wa mpira. Mwingine alipendekeza jina lake mwenyewe. Baba naye alitaja lake. Kisha Bibi akaombwa ataje lake, na jina alilolitaja ndilo lililoandikwa kuwa jina la Kinyarwanda la mtoto. Silitaji hapa kwa sababu ni mali ya mtoto, lakini kwa Kiswahili maana yake ni "na adumu".

Sakura likafuata baada yake. Katika cheti cha kuzaliwa majina hayo mawili yako katika mstari mmoja: adumu, na ua lisilodumu. Nilipoyaona nilifikiri kama mwanafunzi wa fasihi, nikataka kuyaita sitiari, au kinzano, au kitu kingine tulichofundishwa. Kisha nilimsikia Bibi akiliita jina la pili kwa mara ya kwanza, kwa lafudhi ya kijijini kwao, akimtuliza mtoto aliyekuwa analia. Shangazi alikuwa na haki katika jambo moja: lilikaribia sana kusikika kama kelele.